Kopo Lililopita Ukutani

Kila Jumatatu nilikuwa naua. Nilikaa kwenye kiti kirefu cha maabara, nikapasua yai, nikamtoa kifaranga ambaye siku zake za kuanguliwa hazijafika, nikamkata kichwa kwa mkasi mdogo, kisha nikampasua kifua na kuuchomoa moyo. Ulikuwa mdogo kama punje ya mchele, na ulikuwa bado unadunda kwenye ncha ya kibano. Nikimaliza mmoja nilichukua yai jingine. Watu wa mtaani wakiniuliza nafanya kazi gani, nilisema niko serikalini, na hapo maswali yalikwisha.

Mayai niliyanunua Kariakoo, karibu na nyumbani. Nilikuwa mteja pekee sokoni aliyetaka mayai yaliyokwisha kuatamiwa, yale ambayo wenzangu wakiuziwa waligombana mpaka wakafikishana kwa balozi wa nyumba kumi. "Dada huyu hali mayai, anakula roho," walinitania wauzaji. Niliwajibu kwa ulimi wangu huu, ambao Shangazi alizoea kusema utanifukuzisha kazi kabla haujanipatia mume.

Mioyo ile tuliikatakata, tukaichambua kwa dawa mpaka zikabaki seli mojamoja, tukazitandaza kwenye visahani vya kioo vyenye maji ya kuzilisha na kuziweka ndani ya kabati la joto. Kesho yake ukichungulia kwa hadubini unakuta kila seli inadunda kivyake. Hii haraka, ile polepole, nyingine inasitasita. Ni vurugu tupu. Lakini ukiziacha zikakua na kugusana, zinafunguliana vijilango, vidogo mno hata hadubini yetu haikuweza kuvionyesha, na kupitia humo zinapeana habari. Basi siku moja unachungulia na kukuta kisahani kizima kinadunda pamoja. Mara ya kwanza kuona jambo lile nilipiga ukelele, na daktari wetu, mtu mpole wa Kilimanjaro asiyependa kelele, akaruka akidhani nimejikata kidole.

Baada ya hapo ndipo tuliponyunyiza sumu. Sumu yenyewe haikutoka mbali. Ilikuwa DDT, poda nyeupe ambayo Dar es Salaam nzima iliijua kama dawa ya kunguni na iliuzwa Kariakoo ndani ya vipande vya magazeti kama karanga. Tulitia kidogo sana, kiasi kisichoua. Na kweli hakuna seli iliyokufa. Zote ziliendelea kudunda, ila kila moja ilirudi kwenye mwendo wake wa upweke, hali imelaliana na mwenzake bega kwa bega. Vijilango vilikuwa vimefungwa.

"Sumu inayoua, hata kipofu ataiona," daktari aliniambia. "Mimi naitafuta hii isiyoua."

Nilimuuliza kama seli zile zitapatana tena. Akasema tuzioshe, tuzipe maji mapya, tusubiri. Tukaziosha. Baadhi ya visahani vilirudi kudunda pamoja, vingine havikurudi, na hakuna kati yetu aliyeweza kusema kwa nini hiki ndiyo na kile hapana. Kuna siku nilitaka kuvipiga ukutani vile vilivyokataa.

Nyumbani nako poda ile ile ilikuwa chini ya kitanda. Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki. Alitoka Lindi na mkeka na sufuria, akapanga chumba cha uani katika nyumba ya vyumba sita Kariakoo, akaanza kuuza papa na ng'onda wakavu barazani. Alfajiri alikwenda soko la samaki la Feri, akarudi na mzigo kichwani, akaukausha juani. Nzi hawakumsumbua hata kidogo. Kila mzigo mpya aliunyunyizia poda kutoka kwenye kopo la buluu lililowahi kuwa la maziwa ya unga, kisha akaukung'uta kwa kanga yake. Kanga ile ile alijifunga, na jioni akatupikia samaki yule yule.

Siku niliyotoka maabara na kumweleza nilichokiona, alinizaba kibao.

"Samaki huyu ndiye aliyekupeleka shule," alisema. "Leo amekuwa sumu?"

"Mikono yako inatetemeka, Shangazi. Huioni?"

"Inatetemeka kwa hamu ya kukupiga."

Nikavuta mzigo wa papa nikautupa kwenye mfereji wa maji machafu. Akaokota papa mmoja, mgumu kama ubao, akanipiga naye mgongoni mpaka barazani, na wapangaji wote wakatoka kutazama msomi wa serikali akichapwa na kitoweo. Nilicheka na kulia kwa pamoja. Lakini tangu siku ile ilikuwa vita. Nililitupa kopo, akanunua poda nyingine na kulijaza tena. Mara moja nilipandwa na hasira nikalibamiza ukutani likabonyea ubavuni, na bado alilitumia hivyo hivyo. Nilitaka kitu kimoja tu duniani: kopo lile litoke kwenye nyumba ile kabla halijala mtu.

Naye hakuwa mjinga. Alikuwa mwanamke aliyeona samaki wakioza na akalala njaa. Mtu wa namna hiyo humwambii habari za vijilango.

Miaka ile ndiyo miaka ya foleni. Tulipanga mawe mbele ya duka la ushirika tangu usiku ili kila mtu ashikiwe nafasi na jiwe lake, na asubuhi watu walipigana ngumi wakisema jiwe fulani limesogezwa. Sabuni ilikuwa hadithi. Unga ukipatikana ulikuwa wa njano, na ulinuka gunia. Kisha ukaja msako wa walanguzi. Mgambo walipita nyumba kwa nyumba wakiinua magodoro, na aliyekutwa na sukari kuzidi ya chai alikiona cha mtema kuni. Nilishuhudia muuza duka wa mtaa wetu akilazwa kifudifudi barabarani na kuchapwa nyayo, huku sukari yake ikimwagwa mchangani mbele ya pua yake. Alipiga yowe. Na sisi wanawake, Mungu atusamehe, tulikuwa tumechutama pembeni yake tukizoa ile sukari pamoja na mchanga.

Kwa hiyo wanawake wa uani wakabuni njia. Nyumba zetu zilipeana migongo, ua na ua, katikati ukuta wa kimo cha bega. Mgambo wakiingia mtaa wetu, makopo yote yalipitishwa juu ya ukuta kwa jirani wa nyuma. Wakiingia mtaa wa nyuma, makopo yalirudi kwetu. Yalipita mkono kwa mkono bila neno, maana mgambo wana masikio. Hukuuliza kuna nini ndani. Kopo la mtu lilikuwa siri yake. Na malipo yalikuwa yanajulikana: aliyeficha alichota kikombe kimoja cha kilichomo, akakiweka kwake bila kuomba. Tulikiita kikombe cha ukuta. Sikumbuki mtu aliyewahi kuchota viwili.

Jirani wetu wa nyuma alikuwa mama wa watoto wawili, binti na mdogo wake wa kiume. Mumewe alikuwa kuli wa bandarini. Mama huyo alipendana sana na Shangazi. Shangazi alimrushia ng'onda juu ya ukuta, naye alirusha maandazi, na kucheka kwao nilikusikia mpaka chooni.

Siku ya balaa mgambo waliingia mtaa wetu asubuhi, mimi nikiwa kazini. Shangazi alishikwa na kiwewe. Alipitisha kopo la sukari, kopo la chumvi, na lile la buluu pia, maana lilikuwa limejaa na alijua watasema analangua dawa. Jirani akayapokea yote, akayaficha chini ya magunia ya makaa. Mgambo walikaa mtaani kutwa. Ulipofika mchana, watoto wakilia njaa, jirani akachota vikombe vyake vya haki. Cha sukari. Cha chumvi. Na kutoka kopo la buluu, kikombe cha kitu cheupe na laini, ambacho mama yeyote wa miaka ile, akiwa amechoka na unga wa njano, angekiona na kumshukuru Mungu. Kilinuka kidogo. Lakini unga gani haukunuka?

Alikichanganya na ule wa njano, akatia sukari, akakaanga maandazi. Yeye mwenyewe hakuonja. Alitaka watoto washibe kwanza.

Nilirudi alasiri kwa miguu kutoka kazini Posta, kwa kuwa mabasi hayakuwa na mafuta. Kelele nilizikuta zikitoka ua wa nyuma, nikazunguka mbio. Ua ulikuwa umejaa watu. Binti alikuwa juu ya mkeka amekunjika, meno yamebana, povu mdomoni, miguu ikipiga sakafu. Mdogo wake alitapika na kutetemeka, akilia kwamba ulimi unamchoma. Wanawake walikuwa wamewafunika kanga nyeusi na kuwafukiza kinyesi cha tembo, na moshi ulijaa ua mzima.

"Degedege!" mmoja alikuwa akipiga kelele. "Ndege amewapitia!"

"Asithubutu mtu kuwapeleka hospitali!" mwingine alijibu. "Degedege haichomwi sindano! Ukichoma tu, unazika!"

Msukuma mkokoteni alikuwa amesimama mlangoni na gari lake, akisubiri kuambiwa wapi amfuate mganga. Na pale jikoni, pembeni ya karai la maandazi, nikaliona kopo la buluu, limefunguliwa, na ubavuni lina ile alama niliyoitia mimi kwa hasira zangu.

Nikapiga kelele: "Ni sumu! Wamekula sumu, wapelekeni hospitali!"

Mwanamke aliyekuwa na chetezo alinisukuma kifuani. "Wewe hujazaa, utajua nini degedege?"

Nikarudia. Nikapaza sauti mpaka koo likauma. Nilikuwa nimesimama katikati ya watu niliokua nao, tumesongamana jasho kwa jasho, na hakuna hata mmoja aliyenisikia. Nilihisi ningeweza kuua mtu.

Ndipo nikamwona Shangazi. Alikuwa amejibanza ukutani, ameuma pindo la kanga. Alikuja kufuata makopo yake baada ya mgambo kuondoka, akakuta lile la buluu limefunguliwa na watoto wameanza kutapika. Alikwisha kujua. Alikuwa anajua na amenyamaza.

Nikamshika bega. "Shangazi, mimi hawanisikii. Kopo ni lako. Sema wewe."

"Wataniua, mwanangu."

"Watoto wanakufa."

Aliwatazama wale watu. Wengi wao aliwauzia samaki, wengine aliwazika mama zao. Mikono yake ilitetemeka kama kawaida. Akatoa kanga mdomoni akasema, "Ni dawa yangu," na hakuna aliyegeuka. Akasema tena. Mara ya tatu aliinua mguu akalipiga teke karai, mafuta na maandazi vikamwagika uani, na watu wakashtuka wakanyamaza.

"Ile poda ni yangu!" alipiga kelele. "Ni dawa ya kunguni! Niliipitisha mimi ukutani! Si degedege, wapelekeni hospitali wachomwe sindano!"

Hilo walilisikia. Mama wa watoto aliinuka kwenye mkeka polepole, akachomoa mchi kwenye kinu, na kabla sijafika alikuwa ameshampiga nao Shangazi upande wa sikio. Mlio ule nilizoea kuusikia nazi inapopasuliwa. Shangazi hakupiga yowe. Alikaa chini tu, miguu mbele, kama mtu aliyechoka na foleni.

Msukuma mkokoteni alikuwa amesikia vilevile, na yeye peke yake ndiye aliyesikia neno hospitali. Alipita katikati ya watu, akawabeba watoto wote wawili, akawalaza kwenye gari lake juu ya magunia. Nikaokota andazi nikamfutikia shatini. "Waonyeshe hili! Mwambie daktari ni DDT! Sema, DDT!" Akasema. Akashika mikono ya mkokoteni akakimbia, na nilimsikia akipiga kelele ile barabara nzima, "Pisha! Didiitii! Pisha!" na watu wa mbele wakiidaka na kuipeleka mbele zaidi. Mama akatupa mchi akawakimbilia wanawe.

Lakini watu waliobaki walimgeukia Shangazi. Mchi ule uliokotwa na mwingine. Wengine walikuwa na mwiko, kuni, viatu, mtu mmoja na jiwe lake la foleni. Walimpiga. Na kilichonitisha kuliko damu ni kwamba baada ya muda mikono yote ilipanda pamoja na kushuka pamoja, bila mtu kuwapigia hesabu. Kwa miaka nilikuwa nimechungulia kwenye visahani nikiomba kuuona mwendo mmoja, nikiamini ndiyo dalili ya uzima. Pale uani niliuona kwa macho yangu, mwendo safi kabisa, na uliokuwa chini yake ni mwili wa Shangazi.

Niliuma mkono wa mtu mpaka nikaonja chumvi ya damu. Hawakuacha. Nikalishika jiko kwa viganja vitupu, na makaa yake yakiwaka, nikaliinua na kulimwaga miguuni mwao. Hapo waliachana, kila mmoja akiruka na yowe lake. Alama za jiko lile ninazo viganjani mpaka leo na sijawahi kuzijutia. Nilimburuta Shangazi kwa kwapa mpaka kwetu nikafunga mlango na kuuegemea kwa mgongo.

Watoto walipona. Daktari wa zamu alimwambia mama yao kwamba kama asingejua wamekula nini, angepapasa gizani. Mama akarudi na hilo, akajifungia ndani. Shangazi sikio la kulia lilikufa kabisa, na la kushoto lilibaki likisikia tu ukilisogelea na kupayuka. Taya lilienda upande. Poda hakuigusa tena, wala sikuhitaji kumwambia. Alinunua pepeo akawa anafukuza nzi siku nzima, na samaki walioza, na alinitukana mimi kwa kila samaki aliyeoza.

Balozi alijaribu kumpatanisha Shangazi na jirani, akashindwa. Kwa muda mrefu hakuna kitu kilichopita ukuta ule, si ng'onda, si andazi, wala salamu. Mgambo walipokuja kila nyumba ilikiona cha moto peke yake. Nilikuwa nawasikia jirani na wanawe wakila upande wa pili, vijiko vikigonga sahani, umbali wa mkono mmoja, na nilimchukia mama yule kwa moyo wangu wote. Kazini niliosha visahani, nikavipa maji mapya, nikasubiri. Daktari aliniuliza mikono imepatwa na nini. Nikamwambia ni jiko.

Kisha ikaja asubuhi moja ya Jumapili. Nilikuwa nyumbani nafua. Filimbi za mgambo zikalia mtaa wa nyuma, tukasikia milango ikipigwa mateke. Shangazi hakusikia kitu. Alikuwa anapepea samaki wake kando ya ukuta. Mara mikono miwili ikatokea juu ya ukuta, imeshika kopo. Nyuma yake kikatokea kichwa cha mama wa watoto, macho yamemtoka.

Shangazi aliinua uso akaliona lile kopo. Alirudi nyuma. Mimi niliacha nguo kwenye beseni, lakini sikusogea. Sikujua ningempokea yule mwanamke au ningemsukuma aanguke.

Jirani aliinama ukutani mpaka nusu ya mwili ikawa upande wetu, akampa ishara Shangazi asogee. Shangazi akasogea, akageuza sikio la kushoto. Na yule mama, katika ua ambao kwa miaka yote hiyo tulipitishana vitu bila kutoa hata pumzi, na mgambo wakiwa kwenye korido yake, akapayuka kwa nguvu zake zote:

"Chumvi!"

Mtaa mzima ulisikia. Ndani ya nyumba yake mateke yalikoma, buti zikageuka, zikaja mbio uani. Shangazi akalipokea kopo. Jirani akainama akaibuka na la pili, na hapo niliona fimbo ya kwanza ikimshukia mgongoni. Uso wake ulijikunja, lakini kopo hakuliachia. Fimbo ikashuka tena.

"Unga!" alipayuka. "Ni unga, mama, nimeuonja!"

Nami nikawa nimeshafika ukutani, viganja vyangu vya makovu chini ya lile kopo. Shangazi akaweka mkono wake juu ya wangu, akajibu kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia mwenyewe, huku buti zikianza kuparamia ukuta kuja kwetu:

"Unga! Nimekusikia, mwanangu! Lete!"